Kifuu cha Pili

Siku ile mpumbavu alikuwa Laisenia, wala hakuna haja ya kumtafutia mwenzake wa kugawana naye. Mwenyewe husema hivyo hivyo siku hizi, akiulizwa na hata asipoulizwa. Tena huongeza kwamba upumbavu wake haukuwa wa mtu asiyejua, maana asiyejua husamehewa. Yeye alikuwa ameambiwa, kwa sauti ya kusikika, na mtu aliyevaa sare.

Aliyemwambia ni Unaisi, nesi wa zahanati ya Nasaulevu, kijiji chao. Laisenia alikuwa ametoka Suva, mji mkuu, kwa meli ya Jumatano, na huko Suva alilala kwa mwanawe wa kwanza, nyumba ambamo wajukuu wawili walikuwa wakitapika kwa zamu. Kwenye meli alijiona mzima. Alhamisi alfajiri tumbo likafunguka juu na chini kwa pamoja, kama nyumba iliyoachwa wazi mlango wa mbele na wa nyuma wakati wa tufani. Mtu wa miaka hamsini na sita, kifua kama kabati, akawa anatambaa kwenda chooni huku akimwita mama yake, marehemu wa miaka ishirini.

Nesi alikuja na ndoo, dawa ya klorini, na pakiti sita za chumvi ya kuchanganya na maji.

"Hiki ni kirusi, mzee, si kitu ulichokula," alisema. "Kinatembea kwa mkono na kwa kikombe. Tumbo likishatulia, hesabu siku mbili kamili ndipo utoke. Sahani yako peke yako, kikombe chako peke yako. Siku mbili, si moja na nusu."

"Na kama najisikia mzima?"

"Kujisikia mzima ndiko kunakoua watu."

Alitapika mara ya mwisho Ijumaa jioni. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuihesabu: angetoka Jumapili jioni. Lakini wageni wa Waikubu walikuwa wanakuja Jumamosi.

Hapo ndipo penye mfupa wa jambo lenyewe. Losana, kitinda mimba wa Laisenia, alikuwa ameondoka na kijana wa Waikubu, ng'ambo ya ghuba, bila mtu kuombwa wala kuambiwa. Kijiji kikakasirika. Kwa desturi, wazee wa kijana walipaswa kuja na tabua, jino la nyangumi lililofungwa kamba, wapige magoti waombe radhi. Likipokewa, binti ni mke wa watu. Lisipopokewa, binti si wa huko wala si wa huku, na mtoto atakayezaliwa hana mlango wa kuingilia kwa babu yake. Na mtoto alikuwa njiani, mwezi wa sita. Miezi mitatu Laisenia alimbembeleza Chifu akubali kuwapokea. Chifu akakubali kwa shingo upande, akataja Jumamosi, na Jumatatu yake alikuwa na safari ya Suva.

Tena Laisenia ndiye msemaji wa Chifu, kazi aliyoirithi kwa baba na babu. Chifu hasemi na wageni kwa kinywa chake. Huinamisha kichwa, na msemaji hutoa maneno. Angeweza kumwachia nafasi Ilaitia, mzee wa ukoo, ambaye alikuwa tayari. Ilaitia alikuwa tayari kwa miaka kumi na miwili, na kila mwaka alijinunulia shati jipya jeupe kwa ajili hiyo.

"Baba Losana, unakwenda wapi?" mkewe Vasemaca alimuuliza Jumamosi asubuhi, amesimama mlangoni na ufagio.

"Kwenye radhi ya mwanangu."

"Nesi kasema kesho."

"Nesi anajua matumbo. Mimi najua desturi."

"Basi kaseme, lakini usinywe."

Akamcheka. "Msemaji asinywe? Mama Losana, wewe umeolewa humu miaka thelathini au ulishuka jana melini?"

Hakika, kwa hilo alikuwa na hoja. Yangona, kinywaji cha heshima cha mizizi iliyotwangwa, ikishachujwa kwenye bakuli la mbao, kifuu cha kwanza ni cha Chifu, na cha pili ni cha msemaji, papo hapo, kukifunga cha Chifu. Asipokunywa, cha Chifu kimebaki wazi, na tabua imepokewa nusu. Hoja ilikuwa nzuri. Watu wengi wamezikwa na hoja nzuri.

Akaenda. Akasema, na alisema vizuri, hilo hata Ilaitia alilikubali huku akitazama kwingine. Wazee wa Waikubu walitambaa kwa magoti, tabua ikawekwa mbele ya Chifu, Laisenia akaipokea kwa mikono miwili na sauti yake ikatetemeka pale pale inapotakiwa kutetemeka, ingawa siku hiyo haikuwa ufundi. Yangona waliyoleta wageni ikachanganywa. Chifu akanywa, yakapigwa makofi matatu ya mikono iliyokunjwa. Kifuu kikachovywa tena. Laisenia akanywa. Kifuu kile kile kikachovywa tena, akapewa Ilaitia, akapewa Kitione, wakapewa wageni, kikazunguka chumba kizima na kurudi.

Mzunguko wa tatu, tumbo likamkumbusha.

Aliinuka taratibu, akasema anatoka kutazama kama mvua inakuja. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufutia miwani. Choo cha nyuma ya nyumba ya Chifu kilikuwa na tangi, na tangi lilikuwa kavu, kwa sababu kiangazi kile kilikuwa kimekunywa matangi yote. Akajifuta mikono kwenye majani, akajiambia majani yana umande. Saa tano za asubuhi. Akarudi, akakaa mahali pake, na mzunguko wa nne ulipofika akakipokea kifuu kwa mikono yote miwili, kama adabu inavyotaka.

Kitione alimtazama akinywa. Kitione ni shemeji yake na mtani wake, na kwetu shemeji ndiye mtu mwenye ruhusa ya kukusema kuliko mkeo. Lakini mbele ya wageni alinyamaza, akamkonyeza tu.

Jumapili, kabla ya ibada ya jioni, Kitione akaanguka. Jumatatu zilikuwa nyumba nne. Jumanne zilikuwa tisa, na nesi Unaisi alitembea kijijini na ndoo yake ya klorini akiwa na uso wa mtu anayehesabu. Aliagiza kila nyumba yenye mgonjwa ifungwe, mtu asiingie, mtu asitoke.

Na Laisenia alikuwa chini tena, safari hii vibaya zaidi. Alilala kwenye mkeka karibu na mlango wa nyuma, goti limekunjwa hadi kidevuni. Mate yalikuwa machungu. Maji ya dafu yalishuka mafunda mawili, yakarudi matatu. Chai ya majani ya mlimao ilimnukia kama dawa ya viatu. Kutoka pale alipolala aliona ukuta, kalenda ya kanisa, na mguu wa mkewe ukipita na kurudi, ukipita na kurudi, na mguu ule haukusema neno. Mwanamke akikugombeza una nafuu. Vasemaca alikuwa amenyamaza.

Jumanne mchana Kitione alijikokota hadi dirishani, amevaa taulo na shati la kanisani, akashikilia ukuta. Amri ya nesi alikuwa ameivunja kwa sababu, alisema, haikumtaja kwa jina.

"Shemeji! Umekufa, au unavuta muda?"

"Niache."

"Nikuache vipi, na sisi tumo mtumbwi mmoja tunautoboa wote? Nimepungua kilo nne tangu juzi. Mke wangu anasema nimerudi kuwa kama siku nilipomuoa. Nikamwambia, mama, siku ile nilikuwa nimevaa suruali."

Laisenia akacheka, na kucheka kukamuuma mbavu.

"Ila wewe," Kitione aliendelea, akishusha sauti, "ulitoka kutazama mvua. Ilikuwepo?"

Laisenia alijigeuzia ukutani.

"Mimi nauliza tu, kwa ajili ya shamba langu."

"Mama mkubwa hajambo?" Laisenia aliuliza, ili kuondoa mazungumzo pale yalipokuwa.

Utani ukamtoka Kitione usoni, kama mtu aliyezimiwa taa. "Ameanza leo asubuhi. Maji hayakai, shemeji. Tunampa kwa kijiko, yanarudi."

Mama mkubwa, Akanisi, alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba yake Laisenia, na ndiye aliyemwachisha ziwa Laisenia mama yake alipopata ujauzito mwingine. Alimlaza kwake miaka miwili na kumtafunia magimbi. Aliishi nyumbani kwa bintiye Varanisese, mke wa Kitione. Radhi ile hakuhudhuria, na kifuu hakukigusa. Kilimfikia kwa njia ya mkwe aliyeanguka, ndoo iliyobebwa, mkono ulioshika kijiko.

Boti ya hospitali iliitwa. Bahari ilikuwa imechafuka, boti ikasubiri itulie. Akanisi hakusubiri. Jumatano, wakati watoto wanatoka shule, gogo la kijiji likapigwa kwa mdundo ule wa polepole ambao mtu huujua hata akiwa usingizini, kisha sauti ya Varanisese ikapanda kutoka nyumba ya nne kutoka pale, ndefu, nyembamba, isiyo na maneno.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ni kweli. Lakini methali haisemi kilio kitatoka nyumba ya nani.

Laisenia alijaribu kuinuka. Akafika kwenye kizingiti, akakaa pale pale. Nesi alipita njiani akamwona. Hakumgombeza. Alisimama tu, ndoo mkononi, akamtazama kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu hadi mbili, kisha akaenda zake.

Ijumaa walimzika mama mkubwa. Wagonjwa walikatazwa kwenda, kwa hiyo Laisenia alimzika mama yake wa pili kwa masikio, akiwa amelala ubavu: nyimbo kanisani, kisha nyimbo njiani, kisha kimya kirefu ambacho alijua ni majembe.

Kwenye matanga ndipo maneno yalipoota. Kifo hakipendi kukaa bila mwenyewe. Ilaitia ndiye aliyeanza, na wala hakuanza kwa ubaya; alikuwa na huzuni, na huzuni hutafuta mahali pa kuegemea. Alisema: yangona ile ililetwa na nani? Na Waikubu. Tulinywa Jumamosi, tukaanguka Jumapili. Kuna haja ya kuuliza tena? Mwingine akasema Waikubu nako wameanguka saba. Ilaitia akajibu kwamba mpika sumu hulamba mwiko. Basi. Kufika Jumamosi usiku haikuwa tena tetesi, ilikuwa uamuzi: radhi ile ilikuwa ya uongo, na mizimu imeikataa. Tabua irudishwe ilikotoka. Chifu alipigiwa simu Suva, akasema fanyeni wazee mnavyoona.

Na tabua hairudishwi na mtu yeyote tu. Aliyeipokea ndiye huirudisha, na maneno ya kuirudisha husemwa na kinywa kilichosema maneno ya kuipokea. Kwa hiyo kijiji kizima kikawa kinasubiri jambo moja, Laisenia apone.

Hapakupata kuwa na mgonjwa aliyeombewa kama yeye. Uji wa muhogo ulikuja asubuhi, mchuzi wa samaki mwepesi mchana, biskuti ngumu za kuloweka kwenye chai jioni. Viliachwa kizingitini, kila chombo kimefunikwa kwa kitambaa. "Ale apate nguvu," walisema. "Jumatatu boti itakuwa tayari." Na Laisenia alitazama kila bakuli kama mtu anayeonyeshwa kamba ya kunyongewa, na kuambiwa ni ya katani nzuri.

Akaanza kuugua kwa bidii. Alikula nusu, akaficha nusu. Aliguna mtu akipita njiani. Usiku alilala vizuri, asubuhi aliamka akiwa hoi.

Jumapili baada ya ibada Losana alipiga simu. Vasemaca aliweka simu sikioni mwa mumewe bila kusema, akasimama pale pale.

"Baba, huku wanasema mnairudisha."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mama mkwe jana alinipikia. Leo hakunipikia." Akapumua. "Baba, ikirudi, mimi nitakuwa nani?"

"Mimi naumwa, mwanangu. Nimelala tu. Mambo ya wazee siyasikii."

"Bado unaumwa?"

Simu ilikatika, au binti aliikata. Laisenia hakutaka kujua ipi kati ya hizo mbili.

Vasemaca akachukua simu, akaipangusa kwa kanga yake. Kisha akazungumza, mara ya kwanza tangu mumewe aanguke tena.

"Tumbo lako limepona tangu Ijumaa, Baba Losana. Mashuka nayafua mimi."

"Sina nguvu."

"Nguvu ya kulala unayo."

"Unataka nifanye nini? Nisimame niseme ni mimi niliyemuua mama mkubwa? Msemaji wa Chifu? Babu yangu alisemea machifu wanne katika kijiji hiki."

"Sijasema ufanye kitu. Nimesema mashuka ni makavu."

Jioni ile Kitione alikuja tena, safari hii kwa mlango. Alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba, na kichwa kilikuwa kidogo kuliko watu walivyodhani. Alikaa karibu na mkeka. Akataka kutania, ikaonekana anatafuta utani mifukoni kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Kumbe una masikio makubwa hivyo," Laisenia alimsaidia.

"Nywele zilikuwa zinayasitiri. Kama wewe na mkeka huo."

Laisenia akaukunja ukingo wa mkeka.

"Hapakuwa na mvua, shemeji," Laisenia alisema.

"Najua."

"Ijumaa jioni nilikuwa natapika. Jumamosi asubuhi nikavaa. Na nilipotoka katikati ya radhi, tangi lilikuwa halina maji. Nikarudi nikashika kifuu."

Kitione alijikuna kichwa kilichonyolewa.

"Nilijua kidogo," alisema mwishowe. "Nilikuwa sijajua chote. Ungeniachia hicho kidogo."

"Nataka umwambie dada yangu."

Dada yake ndiye Varanisese. Watoto wa ndugu wawili, kwetu, ni kaka na dada wa tumbo moja, na kaka na dada wakishakua hawasemeshani. Ndiyo heshima yao. Tangu wakiwa na miaka kumi na mitatu Laisenia na Varanisese hawakuwahi kuitana jina. Akiingia huyu, yule hutoka kwa mlango mwingine. Wakiwa na ujumbe, hupita kwa mtu. Miaka arobaini na tatu. Kinywa cha Chifu kizima, chenye maneno ya kila mlango, kwa mlango ule hakikuwa na neno hata moja. Kilihitaji kuazima kinywa cha mpiga porojo.

"Mimi?" Kitione alisema. "Nimelala kando ya kile kilio siku nne. Unataka nikipelekee jina?"

"Nani mwingine?"

"Sikiliza, shemeji. Mama hafufuki. Waikubu wako ng'ambo, lawama ikivuka maji hupoa. Sema maneno yako kesho, rudisha kile kitu, mwaka ukipita tutaomba wenyewe upya. Losana ni kijana. Watu huishi."

"Na mtoto?"

Kitione aliinuka, akasimama mlangoni akitazama njia. "Yule ni mke wangu," alisema, akageuza lile neno kama hakuridhika nalo. "Mimi ndiye nitakayelala naye nyumba moja. Sitamwambia, Laisenia. Nitanie, nitukane, sitamwambia."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini kumwita kwa jina lake.

Jumatatu, siku ya tatu baada ya mazishi, wazee walikuja saa tatu asubuhi. Nesi alikuwa amefungua nyumba zote siku iliyotangulia. Waliingia watano, wakakaa chini miguu imekunjwa, Ilaitia mbele amevaa shati lake jeupe. Kitione alikaa nyuma kabisa. Wanawake waliofuatana nao, wenye nguo nyeusi, walikaa nje chini ya dirisha kama desturi, na Varanisese alikuwa miongoni mwao, amegeuza mgongo kwenye ukuta wa nyumba ambayo kaka yake yumo. Chini kwenye gati injini ilikuwa imeshawashwa. Ilisikika, inakohoa, inanyamaza, inakohoa.

Vasemaca alikuwa ameweka shati la Laisenia pembeni ya mkeka asubuhi. Hakuwa amesema livaliwe. Alilivaa. Alikaa mbele ya wazee, akiwa amekonda hadi kola ikamzunguka shingo kama pete ya mtu mwingine, na Ilaitia akaitoa tabua ndani ya kitambaa, akaiweka kati yao. Ilikuwa ya rangi ya chai, laini kwa kushikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa.

"Tumshukuru Mungu umepona," Ilaitia alisema. "Boti iko tayari. Maneno unayajua."

"Maneno nayajua," Laisenia alisema. "Lakini si ya kusema Waikubu."

Akawaambia. Sauti yake, iliyozoea kujaza nyumba, ilitoka ndogo na kavu. Aliwaambia Suva, aliwaambia wajukuu, nesi na siku zake mbili. Aliwaambia mvua ambayo haikuwepo. Alipofika kwenye tangi kavu, mzee mmoja alitazama viganja vyake mwenyewe.

Nje, chini ya dirisha, hakuna aliyekohoa.

Kisha Ilaitia akasema, polepole, kama mtu anayefunika chungu: "Hayo hatukuyasikia."

"Mmeyasikia."

"Hatukuyasikia. Wewe ukinywa, amenywa Chifu. Ukisema wewe ndiye uliyeleta ugonjwa, umesema kifuu cha Chifu ndicho kilichoua. Unataka kijiji hiki kiende na aibu hiyo wapi? Waikubu wameshajua tunakuja. Tukibaki watauliza kwa nini."

"Waambiwe kwa nini."

"Uwaambie wewe? Msemaji aliyekiri kuharisha katikati ya radhi?" Mtu alitaka kucheka, akajizuia. "Umeumwa sana, ndugu yangu. Homa husema mengi."

"Homa imeisha siku nyingi. Muulize mke wangu."

"Wanawake hatuwaulizi haya."

"Binti yangu yuko kule," Laisenia alisema, na hapo ndipo sauti ilipomrudia, na pamoja na sauti ukamrudia na ulimi wake wa zamani, ule wa kusuka. Akaanza: kwamba kosa ni lake, ndiyo, lakini kosa lilitokana na desturi, kwamba asingekunywa, radhi ingevunjika, kwamba tangi la Chifu lingejazwa, mikono ingenawiwa, kwamba hata nesi alisema siku mbili bila kueleza zinahesabiwa tangu lini, asubuhi au jioni. Alijisikia akisema. Alijisikia maneno yanavyopendeza, yanavyopangika, na jinsi kila moja lilivyokuwa likimtoa yeye hatua moja nje ya chumba. Mke wake, kwenye kona, akainamisha kichwa. Laisenia akaikata sentensi katikati.

"Unaona?" Ilaitia alisema kwa upole wa ushindi. "Hata wewe hujui ni kosa la nani. Na jambo lisilojulikana ni la nani huenda kwa mgeni. Kitione, wewe ndiye uliyefiwa, sema."

Kitione alifungua kinywa. Mtu ambaye maisha yake yote hakukosa la kusema alikaa na kinywa wazi, akakifunga.

"Basi," Ilaitia alisema. "Tusipoteze maji ya kupwa. Laisenia atapelekwa kwa kushikwa mkono, atasema maneno mawili matatu, mengine nitayasema mimi. Inukeni. Boti inatusubiri."

Ndipo Varanisese aliposimama kule nje. Dirisha lilikuwa chini. Kichwa chake kilichofungwa kitambaa cheusi kikajaa ndani ya fremu, na Laisenia, kwa mazoea ya miaka arobaini na tatu, akatazama sakafuni. Naye hakumtazama kaka yake. Hakumsemesha. Alimkazia macho Ilaitia, na sauti yake, iliyokwaruzwa na siku tano za kilio, haikupanda.

"Boti ya nini?" alisema. "Aliyemuua mama yangu anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Kwake watu huenda kwa miguu."